Kiti Kilichotobolewa na Wageni wa Dirishani

Mwanzoni mwa Agosti 2021, siku tatu kabla mama hajaruhusiwa kutoka hospitalini alikowekewa chuma kwenye paja lililovunjika, nilikaa na daftari nyumbani kwetu Ujiji kuorodhesha mahitaji, nikajikuta nimejaza ukurasa mzima majina ya dawa ilhali ugumu ulikuwa kwingine. Dawa zilikwishaandikwa kwenye karatasi ya ruhusa; nani angemgeuza usiku kila baada ya saa mbili, na nani asiingie kabisa chumbani, hakuna aliyetuambia.

Wimbi la tatu la UVIKO-19 lilikuwa limepamba moto, na wodini aliruhusiwa msaidizi mmoja tu, hivyo mazoezi ya viungo aliyofundishwa mama aliyajua mdogo wangu wa kike peke yake. Tukakubaliana afunge biashara yake ya dagaa kwa wiki sita, nasi wengine tumfidie. Baadhi ya ndugu waliona tunajitesa bure wakati mashangazi wapo wa kupokezana. Mimi nilihesabu kwamba zamu za watu watano ni milango mitano ya maradhi kwa mzee wa miaka 71 mwenye kisukari.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kulikatazwa. Seremala wa jirani alichukua kiti cha mninga kilichokuwa barazani, akakitoboa shimo la mviringo, akapiga msasa kingo zake hadi kiganja kikapita bila kukwaruzwa, kisha akakiongezea mikono ya kushikilia wakati wa kuinuka. Chini tukaweka ndoo yenye mfuniko.

Wageni ndio waliotuumiza kichwa, maana kwetu mgonjwa hajuliwi hali kwa simu: watu huja na samaki wao, migebuka, wakakaa. Tuliweka benchi nje ya dirisha la mama, ndoo ya maji tiririka na sabuni kando yake, na barakoa kwa kila aliyefika. Mjomba alinuna siku ya kwanza. Ya pili akaja na mkeka wake. Jirani aliyeleta majani ya nyungu tulimshukuru, lakini hatukumwinamisha juu ya chungu kinachochemka mtu asiyeweza kujinyanyua. Chanjo, iliyozinduliwa nchini tarehe 28 Julai kwa kutanguliza makundi yakiwemo ya wenye miaka 50 na zaidi, aliipata mwishoni mwa Agosti, baada ya daktari kuridhia.

Kasoro ya mpango ilijitokeza wiki ya nne, mdogo wangu alipoamka na homa. Ilikuja kuthibitika kuwa ni malaria, lakini kwa siku mbili hakuthubutu kumkaribia mama, na daftari langu halikuwa na jina la pili. Nikaingia mimi, nimevaa barakoa, nisijue hata mto unawekwa upande gani, naye mama akinielekeza taratibu, "Si hapo baba, katikati ya magoti."