Namba 60 za luku: tulivyoboresha mita zote za nyumba yetu Kirumba

Mimi ndo nasimamia nyumba ya familia hapa Kirumba, Mwanza, ya vyumba vya kupanga, kila mpangaji na mita yake. Mwaka 2024 ikatangazwa mita zote za luku, zile za kulipia umeme kabla ya kuutumia, ziboreshwe kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zitakataa tokeni. Basi maneno yakawa mengi, huyu anasema uniti zilizobaki zitafutwa, yule anasema ni janja ya kupandisha bei, na mama mmoja mwenye friza la sato na sangara akaniambia wazi, "Mwanangu mita yangu usiiguse, samaki wakiharibika nani atanilipa?" Swali la haki kabisa, mtaji wake wote uko mle.

Nikamfuata fundi umeme mmoja anielezee. Kumbe ile tokeni ya namba 20 haibebi uniti tu, inabeba na dakika iliyotolewa, na dakika hizo zinahesabiwa toka Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengewa hiyo hesabu ni biti 24 (tarakimu 24 za sifuri na moja tu), yaani dakika 16,777,216 basi, na ukizipiga zinaishia hapo hapo Novemba 24, 2024. Sasa mita inakumbuka tokeni zilizoshaingia ili mtu asirudie kutumia ileile, kwahiyo hesabu ikianza tena sifuri bila kuandaa mita, tokeni mpya itaonekana ya kale na itagoma. Na haikuwa Tanzania peke yake, kila nchi yenye mita za STS, yaani mfumo huu wa tokeni ulioanzia Afrika Kusini, ilikuwa na tarehe hiyohiyo.

Dawa ni kubadilisha ufunguo wa siri ulioko ndani ya mita na kuanza kuhesabu upya toka 2014. Ndo maana mtu alinunua umeme akaletewa namba 60, makundi matatu ya 20: mawili ya kwanza ni ufunguo, hayana uniti hata moja, la tatu ndo umeme wako.

Kabla ya yote nilipita mlango kwa mlango naulizia nani ana tokeni aliyonunua akaiweka akiba, aingize sasahivi, maana ufunguo ukishabadilika tokeni ya zamani mita haiisomi tena. Hapa watu wengi wangeumia. Afu tukaandika namba kwenye karatasi kwa mafungu ya tarakimu nne nne, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anabonyeza, kundi la kwanza likikubali ndo la pili, ndo la tatu. Zile mita zinazoingizwa namba kwa rimoti tulibadilisha betri ya rimoti kwanza, sikutaka izime katikati. Kwa mama wa samaki tuliandika uniti zilizokuwepo, tukaingiza zote tatu, akaangalia mwenyewe: za zamani zipo na mpya zimeongezeka juu yake. Hapo ndo akawa ananiitia majirani.

Kilichonigusa ni kwamba mita za pale uani ni za viwanda tofauti, nyingine zina miaka mingi ukutani, na zote zikafuata utaratibu uleule. Hiyo sio bahati, ni kwasababu kuna kiwango cha kimataifa, IEC 62055-41, na mita inapimwa na kupewa cheti kwamba inakifuata. Bila hicho kila kiwanda kingekuwa na lugha yake na mita ngapi zingeng'olewa. Ndo maana sasa hivi habari ya mita janja ikija mtaani mi nauliza kwanza zinaongea lugha gani, iwe ya wazi kama DLMS/COSEM ambayo viwanda vingi vinaitumia, tusijefungwa kwa muuzaji mmoja miaka yote. Hata sola na inveta, ulizia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla hujatoa hela, usikubali neno la dukani tu.

Na kama una nyumba Sengerema au Ukerewe iliyofungwa toka kabla ya uboreshaji huo, inawezekana mita yake bado ina ufunguo wa zamani. Chukua namba ya mita uwaulize TANESCO kabla hujamuingiza mpangaji.