Nyasi za mbele

Jumapili, saa nne asubuhi. Mvua imeanza tangu alfajiri, bati linapiga kelele, umeme hakuna. Nimevuta stuli mbele ya tangi la samaki na kuhesabu machipukizi kwa tochi ya simu. Ni 31. Juzi yalikuwa 26.

Mimi ni fundi wa alumini na vioo hapa Mwanga, Kigoma. Tangi nililiunga mwenyewe kwa silikoni, kwa vipande vya kioo cha milimita 8 vilivyobaki kazini: sentimita 90 kwa 40 kwa 40, yaani lita 144 likijaa hadi ukingoni. Mchanga ni wa ufukweni Kibirizi, ndoo tatu, nimeuosha mpaka mgongo ukaniuma. Nyuma nimepanda yale majani ya ziwani marefu kama utepe, ambayo vitabu vinayaita Vallisneria. Hayo sikuyahangaikia. Niliyachomeka, yakashika. Kilichonitoa jasho ni sehemu ya mbele, upana wa viganja viwili tu, ambako nilitaka nyasi fupi zitandae kama mkeka.

Mama alipoliona mara ya kwanza, akitokea Ujiji, alisimama na kanga yake begani akanitazama mimi, si tangi.

"Baba, yaani unapanda majani?"

Ana haki ya kushangaa. Nimekulia kwenye uwanja uliofagiwa kila alfajiri kwa chelewa za mchikichi, mistari ya ufagio ikabaki kwenye udongo kama daftari. Jani likichomoza, linaparuliwa kwa jembe siku hiyohiyo. Majani uwanjani ni mbu, ni nyoka, ni jirani kukusema. Na aliyekuwa anashikishwa hilo jembe ni mimi. Leo nanunua taa ya kuyamulikia.

Nyasi za kwanza zilikuwa za jamii ya Eleocharis, nyembamba kama nywele. Wiki ya tatu zikawa kahawia, ya tano zikawa ukoga. Nilisoma hadi nikaelewa kwamba tatizo ni maji yenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali nyingi, kipimo chake cha pH kinakaribia 9 (7 ndiyo katikati), na kwenye maji ya namna hiyo hewa ya ukaa iliyo huru karibu haipo. Kaboni karibu yote imejifunga kwenye baikaboneti, aina ya chumvi iliyoyeyuka majini. Yale majani ya utepe yanajua kuitoa humo, ndiyo maana yanastawi ziwani. Nywele zangu zilikuwa zinakufa njaa mbele ya chakula.

Basi nikajifanya mjanja. Chupa ya soda ya lita moja na nusu, sukari, hamira, maji ya uvuguvugu, kifuniko nikakitoboa na kupitisha mpira wa dripu hadi ndani ya tangi. Hamira ikila sukari inatoa hewa ya ukaa, jambo ambalo kila mpika maandazi analijua hata kama halitaji hivyo. Ila niliijaza chupa kupita kiasi. Usiku povu likapanda kwenye mpira likamwagikia ndani. Asubuhi maji meupe kama togwa, samaki wote wako juu wanahema. Nilibadilisha nusu ya maji nikiwa bado na shuka kiunoni. Wawili walikufa. Chupa niliitupa, sukari iliyobaki tukaitia kwenye chai.

Nyasi za sasa ni Sagittaria subulata, asili yake Amerika. Shemeji alinitolea Dar es Salaam kwa treni, miche 8 imefungwa kwenye gazeti bichi ndani ya hotipoti. Hii haichagui maji magumu. Inatambaa chini ya mchanga kama marando ya viazi, kila hatua inatoa kichipukizi. Lakini ni mlafi wa mizizini: baada ya mwezi majani mapya yalitoka ya njano, yaani chuma kimepungua. Dawa niliipata nje ya mlango. Udongo wetu mwekundu, wekundu wake ni kutu ya chuma. Nilichukua wa kichuguu, nikaufinyanga vidonge saizi ya karanga, nikavianika juu ya bati siku mbili, kisha nikavisukuma kwa kidole chini ya mizizi, kimoja kimoja, polepole, maana kikipasukia juu maji yanageuka ya mtoni. Wiki tatu baadaye kijani kikarudi. Mpaka sasa hiyo ndiyo kazi ya ufundi ninayojivunia kuliko madirisha yote niliyofunga mwaka huu.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe wenye nyumba hawajasema.

Samaki wangu ni wale wadogo wa humuhumu ziwani wanaokaa ndani ya makombe matupu ya konokono wa Neothauma. Hawazidi kidole. Niliyapanga makombe sita kona ya kulia mbele, palipokuwa pazuri kuangalia. Dume mmoja akaanza kuchota mchanga kwa mdomo, anatema pembeni, anarudi, anachota. Mche uliokuwa karibu na kombe lake ulielea juu siku ya pili. Nikaupanda upya. Akaung'oa. Nikaubana kwa jiwe. Akachimba chini ya jiwe. Tuliendelea hivyo wiki nzima, mtu mzima wa kilo 74 anashindana na kiumbe cha sentimita 5, na niseme ukweli, nilishindwa.

Jana mama amekuja tena. Amevaa miwani, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kushoto nyasi zimetandaa. Kulia, kuzunguka makombe, duara jeupe safi, halina hata jani.

"Huyu ndiye mwenye akili humu ndani," akasema, akimwonyesha dume. "Ona alivyofagia uwanja wake."

Nilikuwa nimeshika mkasi napunguza ncha zilizorefuka. Vipande sivitupi mtaroni, kwa sababu mtaro wa huku unashuka moja kwa moja ziwani na mmea huu si wa kwetu. Huwa navianika vikauke kabisa ndipo navichoma. Nilimweleza hivyo. Mama akaitikia "haya", akasubiri nigeuke kujaza maji. Nilipotazama tena sahani ilikuwa tupu, na uani kuku wake wawili, aliokuja nao kwenye tenga kutoka Ujiji, walikuwa wanamalizia.