Pilau ya kunishukuru nimeipika mwenyewe

Mwaka 2022 nilikuwa naratibu kituo kidogo cha kusomesha watoto jioni, Pasua, hapa Moshi. Walimu wetu 14 wote walikuwa wa kujitolea: mshahara hakuna, nauli ya daladala ipo, tena mpaka ukumbushe. Desemba ilipokaribia nikaona tuwafanyie jambo, maana tarehe 5 ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa tangu 1985. Nikachapisha fulana na vyeti, nikaalika mgeni rasmi. Alihutubia karibu saa nzima, akaondoka hamjui hata mmoja kwa jina.

Januari wakarudi tisa. Nikasingizia Januari yenyewe, ada za shule, unajua tena.

Nikampigia mama mmoja kati ya wasiorudi, aliyekuwa akifundisha watoto wa darasa la kwanza. Akacheka kidogo. "Dada, siku ile niliamka saa kumi alfajiri kuosha mchele. Pilau ya kunishukuru nimeipika mwenyewe, nimepakua mwenyewe, masufuria nimeosha mwenyewe. Na cheti mmempa mtu mwingine."

Nikatoa nakala ya cheti chake kabatini. Herufi mbili tu za jina lake zilikosewa, ila Uchagani herufi mbili ni ukoo mwingine kabisa.

Jumamosi nikapanda Kibosho na jani la isale mkononi. Kwa Wachaga, anayekuja na isale kuomba radhi hakataliwi (mimi si Mchaga, jirani ndiye aliyenielekeza). Mama akalipokea, akanipakulia mtori.

Tangu hapo nina kaunta buku. Kila Ijumaa naandika nani kafanya nini, na siandiki "alisaidia". Naandika: "Alikaa na yule mtoto wa kiume mpaka akasoma ukurasa mzima bila kushikwa mkono." Kijana mmoja alipotaka barua ya kwenda nayo kwenye usaili, nilinakili humo humo, ikafika kurasa mbili. Kazi akapata, sisi tukampoteza, na iliniuma, nisiseme uongo. Nauli sasa inakaa kwenye bahasha kila Jumatatu. Mwalimu wetu mstaafu hataki kabisa kusimamishwa mbele za watu; huyo namtumia ujumbe usiku, anajibu "Nimepokea".

Desemba iliyofuata mgeni rasmi hatukumwita. Tulipika sisi wa kamati, mimi nikiwa motoni. Pilau ikashika chini. Yule mama alikaa kiti cha mbele, akala, kisha akaulizia ukoko.