Ami, kabureta na mita 402

Kila nikirudi Unguja, nikishamwamkia mama, safari ya kwanza ni Kikwajuni kwa ami yangu, fundi wa Vespa. Mara hii nilimkuta barazani juu ya kigoda, kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, imefumuliwa juu ya gazeti, naye anazibua jeti, kile kipande chenye tundu la kupitishia mafuta, kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Shikamoo, marahaba, hata kichwa hakuinua. Kisha akaniuliza swali lake la kila mwaka: "Ungali na zile gari zako za mbio?"

Ningali nazo. Uingereza nafanya kazi gereji, na siku ninazojaaliwa kiangazi napeleka kigari changu Santa Pod. Pale palikuwa kiwanja cha ndege za Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na tangu 1966 ni uwanja wa mbio za dragi. Gari mbili zinasimama ubavu kwa ubavu, taa zinashuka, mnakwenda moja kwa moja mita 402. Basi.

"Si atashinda mwenye pesa?" akasema ami.

Nikamweleza daraja, yaani kundi la mashindano, ninalokimbia mimi. Kabla ya mbio unaandika kwenye kioo muda unaoamini gari lako litatumia. Mimi naandika 15.20. Wa pembeni yangu, tuseme, kaandika 11.20. Tofauti ni sekunde 4, basi taa yangu ya kijani inawaka sekunde 4 kabla ya yake. Mimi huyo, yeye bado kasimama, injini inanguruma. Halafu anakuja, na unamsikia mgongoni kabla hujamwona. Na ukijifanya mjanja, ukaandika muda mrefu ili utangulizwe mbali, ukija ukakimbia chini ya ulichoandika umeshindwa. Hapo pesa zinabaki na kazi ndogo. Kinachopimwa ni gari lisilobadilika tabia, na wepesi wako taa inapowaka.

Ami akauweka waya chini. "Kumbe kama sisi tulivyokuwa tukimtanguliza mtoto mpaka mnazi wa pili, ndipo mkubwa aachiwe."

Ndivyo hasa.

Gharama lakini zipo, na sitaki kijana yeyote adhani ni mchezo wa bure. Mwaka mmoja mkaguzi aliikataa kofia yangu ngumu. Haikuwa na hata mkwaruzo, ila kibandiko cha ndani kilikuwa cha kiwango kilichokwisha muda. Iliniuma, nikanunua nyingine, na sina ugomvi: kichwa ni kimoja. Sheria inayolinda mwili nitailipia. Ninayoigombania ni ile inayoacha mlango wazi wa kununua kasi. Leo mmoja anakuja na matairi ya bei kubwa, msimu ujao inawabidi wote, na asiyeweza anauza gari lake kimyakimya. Hivyo ndivyo daraja linavyokufa.

Wakubwa nao hawajasalimika. Marekani kuna daraja la Pro Stock, injini za inchi za ujazo 500, karibu lita 8.2. Mwaka 2016 chama chao, NHRA, kiliondoa kabureta, kikaamuru mafuta yaendeshwe kwa kompyuta na injini isizidi mizunguko 10,500 kwa dakika. Walitaka magari yafanane na ya kisasa. Lakini timu zilizotumia miaka kuzijua kabureta zao zilibidi kununua upya na kujifunza upya. Magari yakawa machache, na 2019 daraja hilo likapunguziwa mashindano, kutoka 24 hadi 18.

Ami aliinyanyua jeti kwenye mwanga, akachungulia tundu. "Mtu ujuzi wake wote uko humu," akasema, "unamwambia kesho hauna kazi. Si wangempa muda?"

Neno hilo limenikaa. Sheria ya injini itangazwe misimu kadhaa mbele, na chombo cha zamani kiachiwe pa kukimbilia. Daraja letu la kuandika muda linaweza hilo. Hata gari la umeme likija, nalo litaandika namba yake lipange foleni.

Na nalitamani hapa kwetu. Nimemzika rafiki aliyekuwa akishindana na wenzake kwa pikipiki usiku, barabara ya watu wote. Tungepata mita 201 tu, lami iliyofungwa, mkaguzi, gari la wagonjwa limesimama pembeni, angekuwa na pa kwenda.

Ami hakujibu. Alirudisha kabureta, akakaza, akaipiga Vespa kiki mara mbili, ikawaka. Aliisikiliza kitambo.

"Hii ingeandika ngapi?"

Nikamwambia labda ishirini na tatu. Akatoa chaki mfukoni, akaandika 23 kwenye ngao ya mbele.

"Na nukta zake, ami."

Akafikiri, mkono uko kwenye mshiko wa mafuta, akisikiliza mlio. Akaongeza .40.