Kazi imekanseliwa, lakini haiondoki

Alfajiri ya leo kazi ya bechi (programu inayojiendesha yenyewe bila mtu) ya z/OS, mfumo endeshi wa mainframe za IBM, ilikwama.

Kwenye paneli ya DA (kazi zinazoendeshwa) ya SDSF, zana ya kufuatilia kazi, CPU inapanda, EXCP (hesabu ya kusoma na kuandika data) imesimama palepale. Hiyo inazunguka kwenye kitanzi, haisubiri. Ingekuwa inasubiri, ungeanza na `D R,L` kuona ujumbe unaongoja jibu la opereta, kisha `D GRS,C` kuona nani kashikilia faili.

Amri ya kuikansel: `C jina,DUMP`.

Ukiweka DUMP inakufa kwa msimbo wa S122, usipoweka ni S222. Mimi naiweka, maana bila dampu (nakala ya kumbukumbu ya programu) mwandishi wa programu hana pa kuanzia. Ila JCL (maelekezo ya kazi) iwe na DD, yaani mstari wa kutaja faili, ya dampu kama SYSUDUMP, la sivyo huenda usipate kitu. Na zikiwepo kazi mbili za jina moja, ongeza `A=` na ASID, namba inayotambulisha kila kazi kwenye mfumo.

Sasa hapa ndipo moyo hudunda.

Amri imekubaliwa, na kazi bado ipo. Dakika 10. Dakika 20. Vidole vinawasha kuandika FORCE, amri ya kuiua kwa nguvu.

Usiandike! Programu ilikuwa imebadilisha safu nyingi za Db2, hifadhidata ya IBM, bila COMMIT (kuthibitisha mabadiliko), na Db2 inazirudisha moja moja kutoka kwenye logi. Kukansel tena hakuharakishi. FORCE inaweza kuiangusha Db2 nzima, na ikiwashwa upya bado itabidi imalizie urejeshaji uleule.

`-DIS THD(*)` kuona hali ya kazi ndani ya Db2, kisha subira.

Waopereta wenzangu, ninyi mnangoja muda gani kabla ya kumwamsha DBA, msimamizi wa hifadhidata?