Mafuta ya Mwarobaini na Nguzo ya Silika

Wakati nikiwa msaidizi katika maabara moja iliyokuwa pembezoni mwa Arusha, upande wa Ngaramtoni, shangazi yangu anayelima kabichi Kahe, chini ya Moshi, alinipelekea mifuko miwili ya mbegu za mwarobaini pamoja na swali. "Mwanangu," aliniambia kwa simu, "mbegu hizi ni za mti mmoja. Mbona za mfuko wa kwanza zinazuia viwavi na za mfuko wa pili haziwafanyi lolote?" Nilimuuliza namna alivyozikausha. Za kwanza zilitandazwa chini ya paa la banda, na za pili zilianikwa juu ya turubai katika jua kali hadi zikakauka kabisa.

Nilipomweleza fundi mkuu wa maabara, ambaye sote tulimwita Mzee, alikubali tuzipime siku ambayo hapakuwa na kazi ya haraka. Tulisaga viini vya kila mfuko peke yake, tukaviosha kwa hekseni, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, ili kuyaondoa, kisha tukaloweka machicha yake katika methanoli, aina ya alkoholi, kwa kuwa vitu vichungu tulivyovitafuta huyeyuka zaidi humo kuliko katika hekseni. Kazi yote ilifanyika ndani ya kabati la kufyonza mvuke, huku tumevaa glavu. Mafuta ya mwarobaini si ya kuchezea hata kama mti wenyewe umezoeleka kila uani: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa, na Mzee hakuruhusu mtu yeyote ayaonje.

Ndipo tukaijaza nguzo ya kioo, yaani mrija mrefu uliosimama, kwa unga wa silika, kitu kilekile kinachounda mchanga, tukapitishia humo kile kilichoyeyuka katika methanoli. Mbinu hii inatokana na Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alipitisha rangi za majani katika mrija uliojaa chokaa akaziona zikijitenga katika mikanda, na mwaka 1906 akaipa jina la kromatografia. Silika hushika baadhi ya vitu kwa nguvu na vingine kwa ulegevu, hivyo kimiminika kinaposhuka, vile visivyoshikwa sana hutangulia na vingine huchelewa, kama watu wanaopita katika soko la Kiboriloni, ambapo mwenye jamaa wengi wa kusalimiana nao hufika mwisho. Nimbini na salanini, viwili kati ya vitu hivyo vichungu, hutangulia. Azadirakitini, ambayo ina oksijeni nyingi na hushikwa sana na silika, hubaki nyuma mpaka kimiminika kiongezewe ethili asetati, kiyeyushi kinachoibandua kutoka kwenye silika.

Azadirakitini ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Mwaka 1959, nchini Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakila kila kitu isipokuwa miarobaini, na mwaka 1968 Butterworth na Morgan wa Uingereza wakaitenga azadirakitini kutoka kwenye mbegu. Muundo wa molekuli yake, yenye fomula C35H44O16, ni mgumu kiasi kwamba wataalamu walihitaji takribani miongo miwili kuubaini, na wanakemia wa Cambridge walifanikiwa kuitengeneza maabara mwaka 2007 tu. Haiui kiwavi papo hapo. Humwondolea hamu ya kula na kuvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi, hivyo mkulima anayetazamia viwavi waanguke saa ile ile hudhani dawa haifanyi kazi hata pale inapofanya.

Sampuli tulizozikusanya chini ya nguzo tulizidondoshea kwenye bamba jembamba la silika, za mfuko wa kivulini upande wa kushoto na za mfuko wa juani upande wa kulia, tukazilinganisha na doa la azadirakitini safi iliyokuwa akiba ya maabara. Azadirakitini haionekani kwa macho, kwa hiyo tulinyunyizia mchanganyiko wa vanilini na asidi ya salfuriki, tukapasha bamba moto, na madoa yakajitokeza kwa rangi. Upande wa kushoto doa lilikuwa zito, sambamba na lile la kulinganishia. Upande wa kulia lilikuwa hafifu mno, ingawa madoa mengine yalikuwapo. Jua lilikuwa limeiharibu, kwa kuwa azadirakitini haistahimili mwanga wala joto kali.

Sikutaka kumpa shangazi jibu la haraka. Kwa ruhusa ya Mzee tulirudia kipimo kwa viini vingine vya mifuko ile ile, tukapata picha ile ile, ndipo nikampigia. Nilimweleza kwamba akaushe kivulini penye upepo, juu ya mkeka ulioinuliwa kutoka ardhini, asiziache zikalowa ukungu kwa sababu kuvu nao huweza kuzalisha sumu ya aflatoksini, na asizihifadhi katika mfuko wa plastiki uliofungwa. Nikamkumbusha pia kwamba mafuta yanayobaki asimpe mtoto kwa dozi yoyote. Aliuliza kama mbegu zile za juani azitupe. Nilimwambia atumie machicha yake shambani na azitafute nyingine kwa ajili ya kunyunyizia kabichi.