Mwanagenzi wangu hajagusa gurudumu

Jumapili, usiku.

Leo binti yangu kasoma sura nne za hadithi ninayomwandikia, akafunga daftari na kuuliza: "Mama, huyu mtoto atafinyanga lini?"

Sikuwa na jibu. Kijana wa hadithi yangu, mwanagenzi wa mfinyanzi, yuko Gangjin, kusini mwa Korea, karne ya 12, enzi za ufalme wa Goryeo. Mpaka sasa kapasua kuni, kachota maji, kachuja udongo hadi vidole vimepauka. Gurudumu la fundi analitazama kwa mbali tu.

Nilitamani kumpa gurudumu mapema, hadithi ichangamke. Lakini seladoni yao, vile vyombo vya udongo vyenye mng'ao wa kijani, ina mambo. Ile rangi ya kijani, ambayo Xu Jing, mjumbe kutoka China, aliisifu baada ya safari yake ya 1123 na kusema wenyeji huiita bisaek, haipakwi kama rangi ya ukutani. Inatokana na chuma kidogo kilichomo kwenye utando wa kioo juu ya chombo, pale moto unaponyimwa hewa tanurini. Hewa ikizidi, kijani kinageuka umanjano. Sasa mtoto asiyezijua kuni ataujulia wapi moto?

Kuhusu sanggam, yaani nakshi zao za kujazia, hata sijafika: kuchonga ua kwenye udongo ambao haujakauka sawasawa, kujaza udongo mweupe au mwekundu (huo mwekundu hutoka mweusi!), kukwangua, kuchoma, kuvika kioo, kuchoma tena.

Vyombo vyenyewe vilikwenda kwa wakubwa wa Gaegyeong, mji mkuu. Waliovitengeneza waliishi katika vijiji maalumu vya ufundi, wakihesabiwa chini ya raia wa kawaida. Mfinyanzi hulia gaeni. Sikutegemea kuikuta methali hii huko.

Nikamsimulia binti yangu kisa cha 2007. Mvuvi wa Taean, pwani ya Korea, alivua pweza aliyeng'ang'ania sahani ya seladoni. Wapiga mbizi walipoteremka wakakuta jahazi la Goryeo lililozama na vyombo zaidi ya 20,000, pamoja na vibao vya mbao vilivyoandikwa kuwa shehena inatoka Tamjin, ndiyo Gangjin hiyo hiyo, kwenda mji mkuu.

Gurudumu likasahaulika pale pale. Anataka pweza. Nikamwambia pweza huyo kachelewa miaka mia nane na ushee.

"Basi ile sahani iwe ya huyu mtoto."

Saa sita imepita. Sura ya tano nimeifuta yote. Sahani itabidi itengenezwe, na fundi wake bado anachuja udongo.